Ukiingia Kwenye Baridi, Tundika Kofia

Chuo cha Ukunga, Bweni la Wasichana
4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na masikio yako yote mawili, maana mara ya mwisho ulisema la kushoto limeanza kugoma kwa baridi ya kazini. Mimi sijambo. Mama hajambo, ila ana kinyongo: alikupigia simu akapokelewa na muuza samaki, akaambiwa simu imeokotwa ndani ya katoni ya samaki. Mjomba, simu ya pili hiyo! Ndiyo maana nakuandikia, na barua nampa dereva wa lori lenu la barafu, yule mnayemwita Chapuchapu. Ikichelewa, wa kulaumiwa tunamjua.

Mkazamjomba naye hajambo? Mwambie kitenge chake ninacho, sijakiiba, nimekiazima bila kumwambia.

Sasa nikwambie ukweli. Mwaka jana niliwaambia nyumbani kuwa mtihani wa vitendo umeahirishwa. Haukuahirishwa, Mjomba. Niliufanya nikafeli.

Mtihani wenyewe uko hivi. Unasimama mbele ya watahini watatu. Mezani kuna mwanasesere wa plastiki anayejifanya mtoto mchanga. Sisi tunamwita Mheshimiwa, kwa jinsi anavyobebwa. Unamhudumia huku unaeleza kila hatua kwa sauti. Mimi hatua zote ninazijua hata ukiniamsha usingizini. Lakini nilipofungua mdomo, sauti haikuwepo. Dakika sita nimesimama na Mheshimiwa mikononi, nimemkodolea macho. Halafu mguu wake ukachomoka ukabaki kiganjani mwangu. Mtahini mmoja akaandika kitu kirefu sana.

Marudio ni tarehe 14 Mei. Nikifeli tena nafungasha virago, hakuna mara ya tatu. Mkuu wa chuo kasema mkunga asiyeweza kutoa sauti hawezi kumwambia mzazi lini asukume, na hapo, Mjomba, hata mimi nakubaliana naye.

Basi, mshauri wa wanafunzi amerudi kutoka semina na dawa ya msongo wa mawazo. Dawa yenyewe ni pipa. Linajazwa maji na mabonge ya barafu, tena barafu ya kiwanda chenu, Chapuchapu ndiye analeta! Unaingia hadi kifuani, unapumua kwa utaratibu, mwili unajifunza kutulia ukiwa matatani. Ukitulia pipani, utatulia mbele ya watahini. Ndivyo anavyosema. Yeye mwenyewe hatujamwona akiingia, ana kikohozi tangu semina.

Mimi nimeingia jana. Nilikaa sekunde nne. Nikatoka na neno ambalo matroni kaliandika kwenye daftari lake na kulipigia mstari chini.

Mjomba, wewe una miaka ishirini na mbili ndani ya baridi, na sijawahi kukuona umetaharuki hata siku moja. Nifundishe.

Mpwa wako


Kiwanda cha Barafu
21 Februari

Kasuku wangu,

Marahaba, marahaba sana. Hapa tu wazima. Mkazamjomba wako mzima, anasema kitenge alijua tangu siku ile ulipoaga ukiwa umenenepa ghafla. Sikio la kushoto linaendelea na mgomo. Chapuchapu kanikabidhi barua yako leo asubuhi, siku kumi na saba kwa safari ya saa tano. Nimemuuliza, kasema alitaka kuileta ikiwa nzima.

Nimecheka mpaka mlinzi kaja kuangalia kuna nini. Miaka ishirini na mbili ninalipwa kuingia kwenye baridi na bado nanung'unika, nyie mnapanga foleni mwingie bure! Na huyo mwenye kikohozi ndiye nampenda zaidi.

Lakini baridi si mchezo, kwa hiyo nisikilize. Kwenye mlango wa chumba chetu cha baridi kuna msumari. Kila anayeingia anavua kofia yake ya mtaani, anaitundika hapo, anavaa ile ya sufu ya kazi. Kofia ikiwa msumarini, mtu yumo, na hakuna wa kufunga mlango hata awe nani. Na aliye nje, kila baada ya muda kidogo, anaita: "Upo?" Wa ndani anajibu: "Nipo!" Kwa mdomo. Kugonga ukuta hakukubaliki. Baridi ikimzidi mtu huanza kumnyang'anya ulimi, kwa hiyo asiyejibu anatolewa hapo hapo bila mjadala. Siku moja tulimtoa mkaguzi aliyekuwa amenyamaza kwa sababu ya kiburi tu.

Basi na wewe usiingie pipani peke yako. Usizuie pumzi ukiwa ndani ya maji, utazirai bure. Toa pumzi polepole kama unayepoza chai. Vidole vikianza kufa ganzi, toka, usitafute sifa. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini hakuna aliyesema uyaoge mpaka jioni.

Hilo la kufeli, sikukukasirikia. Niliumia kidogo kwamba ulilibeba peke yako mwaka mzima. Mtoto aliyekuwa anaongea mpaka kuku wanahama uani, leo sauti inamkimbia? Dada sitamwambia. Utamwambia mwenyewe ukifaulu.

Na usinisifie utulivu. Mimi natembea polepole kwa sababu sakafu ya huku inateleza. Watu wanadhani ni hekima.

Mjomba

N.B. Huo utaratibu wa kupumua, hebu uandike vizuri, hatua kwa hatua. Si kwa ajili yangu. Kuna jamaa mmoja hapa kazini anauliza.


Bwenini
11 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima. Mama kaniletea sabuni na maswali. Sabuni nimeipokea.

Utaratibu wa kofia umeingia bwenini! Kofia hatuna, kwa hiyo natundika ile ya plastiki ya kuogea, kwenye msumari wa mlango wa uani, karibu na pipa. Anayeniita ni mwenzangu wa chumbani, Spika. Tunamwita hivyo kwa sababu akinong'ona, jengo la pili wanaitikia. Anasimama nje na saa: "UPO?" Na mimi, meno yakigongana: "Ni-ni-nipo!" Sasa kila mtu bwenini anafanya hivyo. Wiki iliyopita mama mmoja aliyeleta mchanga wa ujenzi alisikia "Upo?" akajibu "Nipo, mzigo niushushe wapi?"

Nimefika dakika mbili, Mjomba! Mara ya kwanza unahisi kama umechapwa kila mahali kwa pamoja. Halafu ukitoa pumzi polepole, kama ulivyosema, kuna mahali mwili unakubali yaishe. Matroni hajaandika neno jipya tangu mwezi uanze.

Huo utaratibu wa mshauri ni huu, mpe jamaa: keti mahali pakavu, pipani hapana. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu nne. Ishikilie, nne. Itoe, nne. Kaa bila kuvuta, nne. Rudia mpaka moyo uache kukimbia. Jamaa ana tatizo gani? Naye ana mtihani?

Tulikuwa na mtihani wa majaribio Ijumaa. Tuyaache hayo. Mvua zimeanza huku.

Mpwa wako


Kiwandani
30 Machi

Kasuku,

Marahaba. Barua yako imefika imelowa, nimeianika juu ya mashine kama soksi, na ule ukurasa wa kupumua umeungana na habari za Mama yako. Nimesoma hivyo hivyo.

Yule jamaa amejaribu. Nikusimulie, lakini usicheke, ni mtu mzima.

Jamaa alisema: kwa nini niketi mahali pakavu wakati baridi ninayo, tena bure? Nipige vyote viwili kwa mkupuo. Akatundika kofia yake, akaingia chumba cha baridi, akaketi juu ya bonge la barafu, akafumba macho. Akavuta nne. Akashikilia. Alipofika mbili, mlinzi akaita, "Upo?" Sasa jamaa afanye nini? Akijibu, hesabu inaharibika. Akaona amalize nne kwanza. Mlinzi akaita tena. Jamaa yuko kwenye tatu, anatikisa kichwa kumwonyesha kuwa yupo, gizani, mlango uko upande wa pili!

King'ora kikalia. Mashine zikazimwa. Wanaume wanne wakaingia mbio, wakambeba, wakamlaza kwenye toroli la barafu, wakamfunika magunia, wakamsukuma uani mbele ya kiwanda kizima. Mmoja alikuwa tayari anamsomea dua. Na jamaa kule chini ya magunia anasema, "Nne."

Ameandika barua ya maelezo kwa uongozi. Kwenye mstari wa sababu ameandika "kupumua".

Umeuliza ana tatizo gani. Amekuja meneja mpya, anataka kila mwangalizi wa mashine aketi mbele ya jopo la watu watatu, aeleze mashine inavyofanya kazi, tarehe 21 Mei. Asiyeweza kueleza ananyang'anywa mashine, anapelekwa kufagia uani. Huyu jamaa mashine anaijua kwa sikio. Ikikohoa anajua imekula nini. Lakini kuisemea mbele ya watu wenye kalamu? Tangu atangaziwe, chakula hakipiti. Nyumbani hajamwambia mtu.

Na wewe usinipeleke kwenye mvua. Ijumaa ilikuwaje?

Mjomba


Bwenini
18 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako siku nyingi kabla ya kujibu, safari hii usimsingizie Chapuchapu.

Ijumaa ilikuwa sifuri. Dakika mbili za pipa ninazo, pumzi nne nne ninazo, moyo ulitulia kabisa, Mjomba, ulitulia vizuri sana, na sauti haikutoka. Nilisimama pale nimetulia kama jiwe. Mheshimiwa wamemfunga mguu kwa plasta, na safari hii hata yeye alionekana kunionea huruma. Nililia nikiwa pipani ili Spika asijue, akaita "Upo?" nikachelewa kujibu, akanitoa kwa nywele.

Nimeshatoa sanduku chini ya kitanda. Nimewaza niondoke mwenyewe kabla ya tarehe 14, iwe nimeacha, isiwe nimefukuzwa. Fundi cherehani wa karibu na geti anatafuta msaidizi, na vitambaa haviulizi maswali.

Ninaumia kwa sababu naipenda kazi hii. Mwezi uliopita wodini nilimpokea mtoto wa kweli, mkunga mkuu akiwa pembeni. Niliongea na yule mama mwanzo mpaka mwisho. Sauti ilikuwepo tele! Ikiona kalamu tu, inakimbia.

Sasa kuhusu jamaa. Mkazamjomba alikuja kumtembelea Mama. Kasema siku hizi unajifungia chooni, anakusikia unavuta pumzi na kuhesabu mpaka nne, nne tu, hufiki tano. Anasema ungekuwa mwanamke angeniita nije na vifaa. Kasema pia kuna siku ulirudi nyumbani na nyuzi za gunia kwenye nywele.

Kwa hiyo mwambie jamaa hivi. Nilipokuwa na miaka tisa alinipeleka kazini kwake, akanieleza mashine yake yote, jinsi gesi inavyobanwa mpaka inapata joto, inavyopozwa, inavyoachiwa ghafla ikakumbuka baridi. "Ikakumbuka baridi", ndivyo alivyosema. Mpaka leo naweza kuirudia yote. Hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza kitu vizuri hivyo. Awaeleze wale watatu kama alivyomweleza mtoto wa miaka tisa. Na amwambie mkewe, jamani, kabla mkewe hajaita mganga.

Mpwa wako


Kiwandani
2 Mei

Kasuku,

Marahaba.

Jamaa ni mimi. Haya, cheka, umalize.

Rudisha sanduku chini ya kitanda. Sikuombi, ninakuamuru, na sijawahi kukuamuru kitu tangu nilipokukataza kulamba ukuta wa barafu ukalamba. Ukiacha mwenyewe, utakaa kwenye cherehani miaka thelathini ukijiuliza. Mimi nikipelekwa kufagia, angalau watakuwa wamenipeleka wao.

Kifurushi hiki alichokuletea Chapuchapu ni kofia yangu ya mtaani, ile ya pama iliyoliwa na panya ukingoni. Usiifue, harufu ndiyo inayoishikilia. Tarehe 14, kabla hujaingia, itundike mlangoni. Ikiwa hakuna msumari, pigilia. Utajua moyoni kwamba umeingia kwenye baridi kwa utaratibu, kofia iko nje, na kuna mtu anajua kuwa umo ndani. Usipojibu, atakutoa. Huwezi kuachwa humo.

Mimi huku nakwenda kazini nimejifunga taulo kichwani. Wananiita bibi harusi.

Mkazamjomba sijamwambia bado.

Mjomba


Bwenini
15 Mei

Mjomba, shikamoo, wote wazima, salamu baadaye!

Nilifika na kofia yako na nyundo. Mlangoni hapakuwa na msumari, nikapigilia, ngo ngo ngo, watahini ndani wakadhani ni mafundi. Nikatundika. Spika, ambaye zamu yake ilikuwa baada yangu, akaketi kwenye benchi nje.

Nikaingia. Watatu wale wale. Mheshimiwa yule yule, plasta mpya. Mtahini mkuu, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, akasema, "Anza." Nikavuta nne, nikatoa nne. Moyo ukatulia. Nikafungua mdomo. Wapi! Dakika ya kwanza. Ya pili. Wakaanza kutazamana. Nikaona ile kalamu inashuka kwenye karatasi, nikajua basi, yameisha.

Kumbe Spika nje ameona kofia, na anasikia kimya. Miezi mitatu ya pipa, Mjomba. Hakufikiri. Akaita kwa ile sauti yake:

"UPO?"

"NIPO!" nikajibu. Nilijibu kabla sijajua nimejibu! Madirisha yalitikisika. Mama wa miwani akadondosha kalamu. Na ule mdomo ukiwa bado wazi, nikaendelea humo humo: "Nipo, ninanawa mikono, ninakagua njia ya hewa ya mtoto, ninamkausha, ninamweka kifuani kwa mama yake," nikaenda, nikaenda, nikamweleza Mheshimiwa kuanzia kichwa mpaka mguu wa plasta, nikapita pale walipotaka niishie, nikaanza kuwashauri kuhusu kunyonyesha. Yule mama akainua mkono: "Binti, inatosha. Wewe upo."

Matokeo baada ya wiki tatu. Kofia nimempa Chapuchapu leo hii, kaapa itakufikia kabla ya tarehe 21. Mjomba, itundike!

Kasuku wako


Bwenini
9 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Matokeo yametoka. NIMEFAULU. Mama nimemwambia yote, kanikumbatia kwanza halafu kanipiga kofi la uongo wa mwaka jana, kwa mpangilio huo.

Lakini sijafurahi mpaka mwisho. Tarehe 21 imepita, wiki mbili na zaidi, na hujaandika. Chapuchapu simwoni, barua hii nitamwachia getini mpaka apite. Mshauri anasema pipa halina barafu kwa kuwa lori halijaja. Sijui kofia ilifika. Sijui kama una mashine au una ufagio. Ukiwa na ufagio niambie tu, kwangu wewe ni yule yule.

Mjomba, upo?


Nyumbani
17 Juni

NIPO!

Marahaba, mkunga wangu. Lori liliharibika gia njiani, Chapuchapu akakaa nalo siku ishirini na tano akisubiri kipuri, na barua yako na kofia vikiwa chini ya kiti. Kwa hiyo tarehe 21 sikuwa na kofia, wala sikuwa nimejua lolote la Spika.

Asubuhi ile nilimwambia mkazamjomba wako. Nilidhani atalia. Kasema, "Ndiyo hilo tu? Mimi nilidhani umepata mke mwingine mwenye pumu." Akanifunga taulo vizuri kichwani, nikaenda.

Jopo watu watatu, kalamu tatu. Nikatundika taulo kwenye kitasa. Halafu nikawaambia, kabla hatujaanza kuna utaratibu wa usalama. Nikinyamaza, mmoja wenu aniulize "Upo?" Mimi nitajibu. Meneja mpya akawatazama wenzake, akaandika kwenye karatasi, kwa herufi kubwa.

Nilinyamaza mara mbili. Mara zote mbili yule meneja, na tai yake, akauliza kwa heshima kabisa, "Upo?" Nikasema, "Nipo, tuko kwenye gesi." Nikawaeleza kama nilivyomweleza mtoto wa miaka tisa. Nilipofika pale inapokumbuka baridi, mmoja akaacha kuandika, akabaki anasikiliza tu. Mashine ni yangu mpaka nistaafu. Na kwa amri ya meneja, mtu yeyote akifanya usaili kiwandani, ni lazima kuwe na msumari.

Nilikuwa nakuandikia tangu siku ile, lakini bila lori barua zilikaa tu. Kufaulu kwako nimekujua leo, mezani kuna barua zako mbili na kofia. Nimelia, Kasuku. Mkazamjomba kasema ni sikio, limeanza kuvuja.

Kofia siivai tena. Nimeitundika kwenye msumari wa mlango wa mbele, hapa nyumbani. Ukija likizo utaiona kabla hujabisha hodi. Piga kelele uulize, nitakujibu.

Mjomba wako